Kutoka Entebbe hadi New York: kilomita ngapi, saa ngapi?

(Mazungumzo na wakazi wa Nakivale. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.)

 

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo: kuna umbali gani kutoka hapa hadi mji aliohamia ndugu yako, na ndege huchukua saa ngapi kufika huko. Nimechagua mfano wa Entebbe na New York, kwa sababu kwa miaka mingi ndugu zetu waliopelekwa Marekani waliingilia New York au mji mwingine mkubwa wa huko, kisha wakaunga ndege ya pili au ya tatu. Wewe mwenye ndugu Canada, Norway au Australia usiondoke. Hesabu ni ile ile, zinabadilika namba tu.

Nianze na mama mmoja aliyekuja ofisini kwetu Alhamisi asubuhi akiwa hajala tangu jana yake. Mwanawe, mkwewe na wajukuu watatu walikuwa wameondoka Jumatatu usiku. Kabla ya kuondoka, kijana alimwachia mama nakala ya ratiba ya safari. Karatasi ilisema: kuondoka Entebbe Jumatatu 23:30, kufika New York Jumanne 12:30. Jirani anayejua kusoma akamhesabia kwa vidole, akapata saa kumi na tatu. Jumanne mchana mama akaishika simu mkononi. Haikulia. Jumatano haikulia. Pale bombani mtu akasema amesikia redioni kwamba kuna ndege imeanguka. Jumatano jioni watu wakaanza kuja kukaa naye, na mnajua sisi tukija kukaa na mtu maana yake ni nini.

Alhamisi saa kumi na mbili jioni kijana akapiga simu. Alikuwa mzima, na watoto wazima. Hakuna aliyekosea, ila hesabu ya vidole haikujua mambo matatu. Nitayaeleza moja moja.

Jambo la kwanza ni umbali wenyewe. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, na basi, pamoja na kusimama kwake kote kununua maji na muchomo, linatumia saa tano hivi. Kutoka Entebbe hadi New York, ukipima njia fupi kabisa angani, ni kama kilomita 11,400. Lile basi letu la Mbarara, kama lingeweza kwenda juu ya bahari bila kulala, lingetumia siku karibu tisa, usiku na mchana. Ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya 11,400 kwa 900 utapata karibu saa 13. Kwa hiyo yule jirani wa mama alipopata saa kumi na tatu, namba ilionekana ya kweli kabisa. Ilifanana na ukweli kwa bahati tu.

Nimesema "njia fupi kabisa angani", na hapa vijana wa shule walinibishia. Walichukua ramani ya ukutani, wakaweka rula kutoka Entebbe hadi New York, wakaona mstari unapita Burkina Faso na Mauritania ndipo unaingia baharini. Niliwaambia walete mpira wa watoto, ule wa mifuko uliofungwa kwa kamba. Dunia ni mviringo kama mpira huo, ramani ni mpira uliopasuliwa ukalazwa mezani, na ukiulaza lazima uuvute mahali fulani. Weka alama mbili juu ya mpira, vuta uzi ukaze kati yake, na uzi utajionyesha wenyewe njia fupi. Kwa Entebbe na New York uzi hupanda kaskazini zaidi: unakatiza jangwa la Sahara, unapita Algeria na Moroko, ndipo unaingia bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo usipime safari ya ndege kwa rula juu ya ramani. Vijana walinyamaza, ingawa mmoja alisema mpira ule si mviringo sawasawa. Ni kweli, na dunia nayo si mviringo sawasawa.

Lakini abiria wa Entebbe hapiti kwenye uzi ule. Hapati ndege ya kumpeleka moja kwa moja. Nairobi wanayo: Kenya Airways ilianza safari ya Nairobi hadi New York bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018, kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi. Nitarudi kwenye hiyo saa moja inayopungua wakati wa kurudi. Sisi wa Entebbe lazima tuunge, na mahali pa kuungia ndipo panapoamua urefu wa safari.

Ukiungia Amsterdam, kule Uholanzi, unakwenda kama kilomita 6,360 kwanza, halafu kama 5,850 za kuvuka bahari. Jumla ni kama 12,200. Umezidisha njia fupi kwa kilomita 800 hivi, si nyingi. Ukiungia Doha, kule Qatar, unakwenda kwanza kama kilomita 3,500 kuelekea kaskazini mashariki, yaani unaipa New York mgongo, kisha unageuka na kwenda kama 10,800. Jumla inapita 14,200. Kipande hicho cha pili peke yake ni kama saa 14 za kukaa kwenye kiti kimoja. Kwa mzee mwenye miguu inayovimba au mama mwenye mimba, hii ni tofauti ya kweli. Kwa kawaida mkimbizi hachagui njia. Shirika linalopanga safari ndilo linalochagua, na huchagua kwa nafasi zilizopo na kwa bei. Lakini kujua unaweza. Ukiona jina la mji wa kuungia kwenye karatasi, sasa unajua kama ni mji wa njiani au wa kuzunguka.

Na upepo. Juu kule ndege inakopita, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, katika sehemu za kaskazini za dunia kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anaukuta usoni, anayerudi anasukumwa nao. Amsterdam hadi New York ni kama saa nane na zaidi. New York hadi Amsterdam ni kama saa saba. Njia ni ile ile. Aliyewahi kupiga kasia ziwani Tanganyika siku ya upepo hahitaji maelezo zaidi.

Jambo la pili ndilo lililomponza yule mama. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi si saa za mahali pamoja. Kila saa imeandikwa kwa majira ya mji unaotajwa pale. Kuondoka Entebbe 23:30 ni saa ya Entebbe. Kufika New York 12:30 ni saa ya New York. Huwezi kutoa moja kwa nyingine kama vile zote zimo katika saa yako ya mkononi.

Jambo hili tunalijua tayari, ila tumelisahau. Uliyevukia Bunagana, kumbuka: upande wa Kongo ilikuwa saa mbili asubuhi, ulipofika upande wa Uganda wakakuambia ni saa tatu. Ulitembea hatua mia mbili na saa nzima ikapotea. Kongo ya mashariki, Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Endelea hivyo hivyo kwenda magharibi hadi New York, utakuta iko nyuma ya Uganda kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saa saba wakati wa joto. Wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini wasiache mchezo huo, wakaweka saa moja na sisi ili watu waelewane. Nikamjibu kwamba jua likiwa utosini hapa Nakivale, New York wakati wa baridi yao kungali giza, na hakuna mtu anayekubali kuambiwa ni mchana akiwa gizani. Alicheka, lakini nilimwona hajaridhika.

Sasa tuirudie karatasi ya yule mama, tuisome vizuri. Ilikuwa wakati wa baridi. Waliondoka Entebbe Jumatatu 23:30. Walikaa angani saa 8 na dakika 40 hadi Amsterdam. Wakangoja uwanjani saa 4. Wakakaa angani tena saa 8 na dakika 20 hadi New York. Jumlisha: ni saa 21 kamili. Saa za New York zilikuwa 12:30 mchana wa Jumanne, lakini hapa kwetu zilikuwa 20:30, yaani saa mbili na nusu usiku. Mama alianza kungoja simu saa sita na nusu mchana wakati mwanawe ndiyo kwanza ameruka kutoka Amsterdam.

Na si kwamba waliposhuka walikuwa wamefika. New York ulikuwa mlango tu. Kulikuwa na foleni ya wahamiaji, alama za vidole, maswali, mizigo. Ndege ya kuwapeleka mji wao ilikuwa kesho yake, wakalazwa hoteli karibu na uwanja. Jumatano asubuhi yao, ambayo ni jioni yetu, wakaruka tena. Walipoingizwa nyumbani ilikuwa Jumatano jioni kwao. Kwetu ilikuwa Alhamisi, usiku wa manane. Simu ya kijana haikuwa na kadi ya huko. Wakalala kama magogo. Alhamisi saa nne asubuhi yao mwenyeji mmoja akawapa simu, na kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Hesabu kuanzia Jumatatu usiku hadi simu ile: karibu siku tatu. Mtu mzima, safari njema, hakuna hitilafu yoyote, na siku tatu za kimya. Nawaomba mkumbuke hizo siku tatu kuliko kilomita zote nilizotaja.

Jambo la tatu linamhusu msafiri mwenyewe, nalo ni tarehe. Ndege nyingi za kwenda Ulaya na Uarabuni huondoka usiku, na viwanja vya ndege huhesabu siku kuanzia saa sita usiku. Sisi hatuhesabu hivyo. Kwetu siku mpya huja na alfajiri, na wazee wengine huihesabu tangu jua linapotua. Sasa, karatasi ikisema Jumanne 00:20, hiyo ni saa ngapi? Ni saa sita na dakika ishirini ya usiku wa kuamkia Jumanne. Watakutaka uwanjani saa tatu kabla, kwa hiyo lazima uwe umefika Entebbe Jumatatu saa tatu na dakika ishirini usiku. Nimewahi kukutana na baba aliyekuwa akisafiri kwa tiketi aliyotumiwa na mtoto wake, si kwa mpango wa shirika. Alifika uwanjani Jumanne saa tatu usiku, na suti yake, na kikapu chake, akiwa na uhakika kabisa. Ndege ilikuwa imeondoka saa ishirini na moja zilizopita, na tiketi ile haikurudishwa. Hakuwa mjinga yule baba. Alisoma tarehe kama tunavyoisoma nyumbani.

Saa zenyewe pia zinatuchanganya, kwa sababu hapa kambini wengine wanahesabu saa kwa Kiswahili, wengine kama Wafaransa, na karatasi inatumia namba hadi 24. Njia rahisi ni hii. Kwa saa za asubuhi hadi saa sita mchana, toa sita: 09:00 ni saa tatu. Kwa saa za kuanzia 13:00 hadi 18:00, toa sita pia: 16:00 ni saa kumi. Kuanzia 19:00, toa kumi na nane: 21:00 ni saa tatu usiku. Zile zinazoanza na sifuri sifuri, kama 00:20, usizikadirie mwenyewe. Leta karatasi tuisome pamoja.

Kwa nini nasisitiza saa hizi? Kwa sababu ya dawa. Mgonjwa wa kisukari, wa presha, wa kifua kikuu, au anayemeza dawa za virusi kila siku, akifuata saa ya ukutani ya kila uwanja anaopita, anaweza kumeza mara mbili kwa karibu au kuruka siku. Kabla ya safari mwulize daktari wa kituo chako cha afya swali hili: kati ya dozi na dozi zipite saa ngapi, na nifanyeje saa za ukutani zikibadilika? Aandike. Na dawa zikae kwenye mfuko unaoshika mkononi pamoja na karatasi zako, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Mtoto mchanga anyonye ndege inapopanda na inaposhuka, masikio yake hayatamuuma sana. Wazee wainuke wanyooshe miguu kila baada ya muda, hata kama wanaona haya kumpita mtu aliyeketi pembeni.

Wale wanaokwenda mashariki wanakutana na kinyume. Entebbe hadi Sydney, Australia, ni kama kilomita 12,600 kwa njia fupi. Huko wako mbele yetu kwa saa saba au nane. Kwa hiyo kwenye karatasi safari ya Australia huonekana ndefu kuliko ilivyo, na ile ya Marekani huonekana fupi. Ni hesabu moja imegeuzwa.

Sasa niseme neno ambalo si la kilomita. Kuna watu wanaozunguka wakisema wanaweza kukuingiza kwenye orodha ya ndege, au kwamba kwa kiasi fulani cha fedha utapata "ndege ya moja kwa moja". Kutoka Entebbe kwenda New York ndege hiyo haipo, kwa hiyo anayekuuzia hiyo ameshajitaja mwenyewe. Huduma za UNHCR na za washirika wake ni za bure, kuanzia usajili hadi mahojiano. Waliokwenda Marekani walitia sahihi deni la nauli la kulipa polepole baada ya kufika, bila riba, na hakuna aliyetakiwa kulipa chochote mkononi mwa mtu hapa kambini.

Na hata ratiba ya kweli, yenye saa na namba ya ndege, bado ni karatasi. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza godoro na sufuria na kuwaaga majirani. Sitaki kuwavunja moyo, wala sina mamlaka ya kuwaahidi lolote. Nasema tu kwamba shamba la mahindi na nafasi ya mtoto shuleni visiachwe mpaka siku ya basi yenyewe.

Kwa wanaobaki, maombi yangu ni madogo. Ndugu yako akipata safari, mkae chini pamoja na karatasi, mwandike saa zote za njiani kwa saa ya hapa Uganda, kila mahali pa kutua. Mpatane siku ya kungoja simu, na iwe siku ya tatu, si ya kwanza. Mtu mmoja tu wa familia ndiye apigiwe, naye awaambie wengine, ili habari za bombani zisimfikie mama kabla ya zile za kweli. Na baadaye, ndugu akishazoea, kumbukeni zile saa nane. Akitoka kazini saa kumi na mbili jioni na kukukumbuka, hapa kwetu ni saa nane usiku. Simu ikilia saa hiyo usiruke kitandani na moyo mkononi. Labda anataka tu kusikia mvua imenyesha au la. Kama wewe ndiye unayepiga, piga kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku wetu. Kwao ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana.

Yule mama alirudi ofisini wiki iliyofuata. Hakuwa na shida yoyote, alitaka tu nimhesabie tena, polepole, aone zile saa nane zimekwenda wapi. Tulitumia mpira na uzi, na tochi badala ya jua. Mpira huo bado uko ofisini. Mwenye ratiba ya safari, yake au ya ndugu, ailete tuisome naye. Kusomewa ni bure.